Simu Iliyolazwa Kifudifudi

"Hiyo si sava, hiyo ni makumbusho," alisema Njoki kutoka kwenye skrini, na watu watatu waliokuwa ofisini kwa mkurugenzi wa utawala wakacheka.

Muthamia hakucheka. Alikuwa ameketi karibu na mlango, daftari gotini. Kwa miaka kumi na nne yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa makumbusho hayo, mashine tatu zilizokaa katika chumba kidogo nyuma ya famasia ya hospitali moja ya kanisa, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka Makutano. Alizijua kwa milio yake. Ile ya katikati, iliyobeba rekodi za wagonjwa, ilikuwa na feni iliyokohoa kila asubuhi kabla jua halijapasha bati.

Njoki alikuwa injinia wa kampuni ya Nairobi iliyopewa kandarasi ya kusimamia kompyuta za hospitali zote sita za kanisa hilo. Alieleza kwamba kuanzia mwezi ujao mashine zote zingeongozwa kutoka mahali pamoja. Programu mpya ingepeleka amri moja kutoka Nairobi, na kila mashine ingejipanga yenyewe bila mtu kwenda kuigusa. Embu walikuwa wameshamaliza. Meru ndiyo iliyobaki nyuma.

"Shida iko wapi, Muthamia?" aliuliza Kaburu, mkurugenzi wa utawala.

"Linux, ile programu kuu inayoendesha hizi mashine, ni ya zamani. Walioitengeneza waliacha kuitunza kitambo. Hiyo programu ya Nairobi imeandikwa kwa lugha ya Python, na inataka Python mpya, na hii Python ya zamani ndiyo imebeba vitu vingine vyote, hata sistimu ya wagonjwa. Ukiigusa vibaya, kila kitu kinalala."

"Embu wamefanya."

"Embu walinunua mashine mpya."

"Sisi hatuna mashine mpya. Tuko na wewe." Kaburu alifunga faili iliyokuwa mbele yake. "Jumamosi iwe imeisha. Na mkataba wako unafika mwisho mwezi huu, si ndiyo? Tutaongea baada ya hapo."

Siku hiyohiyo Muthamia alimwandikia Kaburu barua yenye maombi mawili. La kwanza, kazi iahirishwe hadi mashine nyingine ipatikane ya kujaribia. La pili, ikiwa haiwezi kuahirishwa, wodi zote ziarifiwe mapema na zipewe kwenye karatasi orodha ya wagonjwa wenye aleji ya dawa. Hakungoja jibu. Ijumaa alichapisha orodha hiyo, kurasa kumi na tisa, akaipeleka mwenyewe kwa Kaburu.

Kaburu aliipima mkononi kama mtu anayepima nyama. "Unataka nizungushe hii wodi zote? Kesho matroni anipigie, askofu anipigie, niwaambie nini? Kitu cha nusu saa?"

"Inaweza kupita nusu saa."

"Ikae kwako basi. Mtu akiitaka, atakupigia simu."

*

Nyumbani kwao Kooje, chakula cha Ijumaa kilikuwa mukimo na mboga. Peninah, mke wa Muthamia, alikuwa ametoka wodi ya wanawake saa kumi na mbili, miguu imevimba. Yeye alikuwa muuguzi katika hospitali ileile, na alikuwa ametangulia kuajiriwa pale kwa miaka mitatu kabla ya mumewe.

Walikuwa hawaongei tangu Jumapili. Siku hiyo ndugu wa Peninah, Runji, alikuja kutoka Githongo na mkewe, na katikati ya chai akamuuliza shemeji yake kazi yake hasa ni gani pale hospitalini. Kabla Muthamia hajajibu, Peninah akasema, "Kompyuta ikizima, yeye huiwasha." Runji akacheka hadi chai ikamwagika. Peninah naye akacheka. Alikuwa hajakusudia ubaya wowote. Ulikuwa mzaha wa mke aliyechoka kwa mume asiyependa mzaha. Lakini Muthamia alishika kikombe chake, akatoka nje, akakaa huko mpaka wageni wakaondoka.

Kuanzia hapo maneno yote yalipita kwa binti yao Makandi, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa.

"Mwambie baba yako chumvi iko pale."

"Mwambie mama yako nimeiona."

Makandi alikuwa ameacha hata kuyarudia maneno yenyewe. Alikula tu, akitazama sahani.

Ijumaa hiyo Muthamia alifungua kinywa. "Mwambie mama yako kesho..." Aliwaza kwamba akimweleza kazi ya kesho, atalazimika kueleza sava, na Python, na kwa nini anaogopa, na Peninah atamtazama kwa yale macho ya Jumapili. Tena Kaburu hakutaka wodi zijue.

"Nimwambie nini?" aliuliza Makandi.

"Kesho nitatoka mapema."

Peninah aliinua uso, akangoja kama kuna zaidi. Kisha akakusanya sahani.

*

Kazi ilianza saa tatu asubuhi. Muthamia alikuwa na simu ya Njoki kwenye spika ya kompyuta yake, na Kaburu alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mzazi aliyekuja kuona mtihani.

Mashine ya katikati ilikataa kupakua chochote. Vyeti vyake vya usalama vilikuwa vimepitwa na wakati, na mitandao ya leo haikuiamini tena. Muthamia alileta programu kwa flashi. Akaanza kuijenga Python mpya kando, katika folda yake yenyewe, ili ile ya zamani isiguswe. Ilijengwa kwa dakika hamsini, halafu ikakataa kuzungumza na Nairobi kwa sababu programu nyingine inayohitajika ilikuwa nayo ya zamani mno.

"Muthamia, hii itatuchukua siku nzima," sauti ya Njoki ilisema. Haikuwa na ubaya. Alikuwa na hospitali nyingine ya kushughulikia saa nane. "Weka tu hiyo mpya mahali pa ile ya zamani. Halafu urestati."

"Nikifanya hivyo, vitu vinavyoitegemea ile ya zamani havitaamka."

"Vitaamka. Vikikataa tutarudisha."

"Hii mashine haijazimwa siku zaidi ya elfu moja. Sijui itaamkaje."

Kaburu alikohoa. "Wewe na yeye, nani ameajiriwa kujua?"

Muthamia alikaa na mikono juu ya kibodi. Alijua anachoambiwa ni kosa. Alijua pia kwamba barua yake iko kwenye meza ya mtu aliyesimama nyuma yake, na kwamba mtu huyo ameisoma. Saa tano na dakika hamsini na tano aliandika amri, akabonyeza.

Mashine ilizima. Ikawaka. Halafu, kwa kuwa ilikuwa imekaa miaka bila kuzimwa, ikaanza kukagua diski zake yenyewe, kipande kwa kipande. Asilimia mbili. Asilimia tatu. Hakukuwa na njia ya kuikatiza bila kuhatarisha rekodi zote.

"Itachukua muda gani?" Kaburu aliuliza.

"Sijui. Masaa."

Kaburu alitazama saa yake, akasema ana mkutano wa wazee wa kanisa, akaenda. Njoki akasema aitwe ikimaliza. Muthamia akabaki peke yake na feni inayokohoa, mbele yake namba zikipanda polepole, na zile kurasa kumi na tisa kando ya kiwiko chake.

Saa sita na dakika kumi na nne simu yake iliita. Ilikuwa Peninah.

Aliiangalia ikitetemeka. Siku sita hakumpigia, hata kumuuliza kama atakula. Leo sistimu imezima, ndiyo anapiga. Alijua atakachosema, au alidhani anajua: kompyuta imezima, njoo uiwashe. Aliichukua simu, akailaza kifudifudi juu ya ile orodha.

Iliita tena saa sita na dakika ishirini. Ikaita tena saa sita na dakika thelathini na moja. Mara hiyo ya tatu iliita muda mrefu, na Muthamia akatazama skrini iliyoandika asilimia kumi na tisa, ingawa haikuwa na haja ya kutazamwa.

*

Mwanamke aliyeletwa wodini aliitwa Sagal. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na nne, mwenye duka la nguo Makutano, mama wa watoto watatu. Aliletwa na wifi yake mdogo, Nasteho, aliyekuwa amefika Meru kutoka Isiolo wiki iliyopita tu. Sagal alikuwa na homa kali, anapumua kwa shida, na maneno aliyosema hayakushikana.

Mutegi, afisa wa kliniki ambaye wagonjwa wote walimwita daktari, alimsikiliza kifua, akasema ni nimonia na imeenda mbali. Akaandika sindano ya penisilini. Pembeni akaandika kwa herufi ndogo: angalia aleji.

Peninah alikwenda kwenye kompyuta ya wodi. Kiduara kilikuwa kinazunguka. Akazima, akawasha, kikazunguka tena. Faili za karatasi zilikuwa zimehamishiwa stoo miaka mitano iliyopita, na ufunguo wa stoo ulikuwa na mtu asiyefanya kazi Jumamosi.

"Kuna dawa yoyote inayomdhuru?" alimuuliza Nasteho.

"Mimi sijui, sista. Bwana yake ndiye anajua."

"Bwana yake yuko wapi?"

"Salad yuko safarini na lori, barabara ya Moyale. Simu haishiki."

Peninah aliinama juu ya mgonjwa. "Mama, unanisikia? Umewahi kudungwa sindano ukaumwa?" Sagal alimtazama, akasema jambo kwa Kisomali. Nasteho akasema anaulizia watoto.

Ndipo Peninah akampigia mumewe mara ya kwanza. Wodi ilikuwa na vitanda ishirini na sita na muuguzi mmoja, yeye. Alimwekea mama mmoja dripu, akarudi, akapiga mara ya pili. Kitanda cha tisa kilimwita. Alipopiga mara ya tatu alisimama dirishani, akaiacha simu iite mpaka ikakatika yenyewe.

"Sista, tutangoja mpaka lini?" alisema Mutegi. Midomo ya Sagal ilikuwa imeanza kubadilika rangi. "Huyu anatuacha. Mdunge."

"Hatujaona rekodi."

"Rekodi itatusaidia nini akiwa maiti?"

Peninah alidunga saa sita na dakika arobaini na tano. Alikuwa hajatupa bomba la sindano wakati Sagal alipojishika koo. Uso ulivimba mbele ya macho yao. Mutegi alimdunga adrenalini, wakamwekea oksijeni, wakamsukuma kifua kwa zamu, jasho likiwatoka. Nasteho alisimama ukutani, kiganja mdomoni. Saa saba na dakika tano Mutegi aliacha kusukuma, akaangalia saa ya ukutani, akaandika.

Mashine ilikuwa imefika asilimia thelathini na nane.

*

Muthamia alizipata habari kutoka kwa mlinzi wa geti, saa kumi, alipotoka kutafuta chai. Mlinzi alisema mama wa Kisomali, Sagal wa duka la nguo Makutano, amekufa wodi ya wanawake kwa sindano, na kwamba sista aliyemdunga ni mke wake.

Alirudi chumbani, akafunga mlango. Aliitoa simu juu ya orodha, akafungua kurasa. Jina lilikuwa ukurasa wa kumi na moja, mstari wa tatu kutoka juu. Penisilini. Kuvimba koo. Alilazwa, akapona. Alisoma mstari huo mara nyingi, akitafuta kama labda ni Sagal mwingine. Katika orodha nzima Sagal alikuwa mmoja tu. Makutano ilikuwa ileile.

Jioni alirudisha Python ya zamani mahali pake, na sistimu ikaamka bila kosa lolote, kana kwamba haikuwahi kulala. Ile orodha aliikunja, akaitia ndani ya koti.

*

Salad alikuja hospitalini Jumatatu, baada ya mazishi. Alikuwa mtu mrefu, vumbi la safari bado kwenye viatu. Watu walimwogopa, wakadhani amekuja na fujo; mlinzi wa geti alimfuata mpaka wodini. Alisimama mbele ya meza ya Peninah, kofia mkononi.

"Sista, mimi sikuja kugombana. Nataka kujua tu. Miaka mitatu iliyopita alidungwa hapahapa, akavimba, tukadhani amekufa. Daktari akaniambia, usijali, imeandikwa kwa kompyuta, haitatokea tena. Iliandikwa ama haikuandikwa?"

"Iliandikwa."

"Na hamkusoma."

"Kompyuta ilikuwa imezima."

Salad aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea maelekezo ya barabara. "Mimi niliamini kompyuta," alisema. "Ningejua, ningemwandikia kwa karatasi avae shingoni." Akageuka kuondoka, kisha akarudi hatua moja. "Alisema kitu mwishoni?"

"Aliulizia watoto."

"Ahsante, sista."

Alipokwisha kutoka, Peninah aliingia chumba cha dawa, akajifungia, na wagonjwa waliokuwa karibu na mlango walisikia maji ya bomba yakitiririka kwa muda mrefu.

*

Kamati ya kuchunguza kifo hicho ilikaa Alhamisi. Kaburu aliketi katikati, matroni Ednah kulia kwake, mwanasheria wa kanisa kushoto. Mutegi alikuwa ameshahojiwa. Alionyesha maandishi yake ya pembeni, angalia aleji, na akaambiwa anaweza kwenda. Muthamia na Peninah waliitwa pamoja. Waliketi kwenye viti viwili vilivyotenganishwa na kiti kitupu.

"Mtaalamu wa kompyuta," mwanasheria alisema, "siku hiyo kulikuwa na njia ya muuguzi kupata rekodi?"

Muthamia alimtazama Kaburu. Kaburu alikuwa akisoma karatasi zake. Ile barua ya Muthamia haikuwa miongoni mwazo.

"Sistimu ilikuwa kwenye matengenezo," Muthamia alisema. "Nilikuwepo ofisini."

"Kwa hiyo aliyetaka habari angekufikia?"

"Ndiyo."

Mwanasheria alimgeukia Peninah. "Muuguzi, ulijaribu kumfikia? Ulipiga simu?"

Matroni Ednah, aliyekuwa amemfundisha Peninah kazi akiwa msichana, aliinama mbele kidogo. "Kumbuka vizuri, Peninah," alisema kwa sauti ya chini. "Jibu hili ni la maana sana kwako."

Peninah alitazama mikono yake. Muthamia angeweza kusema. Maneno yalikuwa matatu tu, alinipigia mara tatu, na orodha ilikuwa ndani ya koti alilolivaa.

"Sikupiga," alisema Peninah.

Mwanasheria aliandika. Hakuna aliyeomba kuona simu ya mtu. Ednah akaegemea nyuma, akafumba macho. Muthamia akafunga vifungo vya koti lake.

Peninah aliachishwa kazi siku ileile, na jina lake likapelekwa kwenye baraza la wauguzi. Aliambiwa arudishe beji na funguo za kabati la dawa kabla ya saa kumi. Karani aliyezipokea alimtaka asaini mara mbili, kwa sababu saini ya kwanza haikufanana na ile ya kwenye faili.

Wiki iliyofuata Muthamia alimaliza ile kazi ya kuweka programu mpya. Hatimaye hospitali ilipata mashine nyingine; askofu aliidhinisha kwa siku moja. Njoki alituma amri ya kujaribu kutoka Nairobi, na mashine zote za Meru zikajibu. Kaburu alimpa Muthamia mkono. Mwisho wa mwezi alimwita na kumweleza, kwa masikitiko, kwamba kwa mpango huu mpya hakuna kazi tena ya mtu wa kukaa pale.

*

Alifika nyumbani mchana. Peninah alikuwa jikoni akichambua maharagwe kwenye ungo. Makandi alikuwa shule. Hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno.

"Wameniachisha," Muthamia alisema.

"Nilijua watakuachisha."

Alivuta stuli, akakaa.

"Mama Makandi, kwa nini ulisema hukupiga?"

Peninah aliokota jiwe dogo, akalitupa. "Ningesema nilipiga, wangekuuliza kwa nini hukushika. Sikutaka kusikia jibu mbele ya wale watu." Aliendelea kuchambua kidogo, kisha mikono ikasimama. "Sasa hawapo. Niambie."

"Nilikuwa nimekasirika."

"Kwa ile ya Runji?"

"Kwa ile ya Runji."

"Na ungeshika, ungenisaidia nini? Si mashine ilikuwa imezima?"

Hapo Muthamia angeweza kumdanganya. Angeweza kusema hakuna, ingekuwa vilevile, yule mama alikuwa wa kufa, na labda Peninah angelala usiku huo. Lakini alikuwa amechoka kunyamaza. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na zile kurasa zilizokunjwa, akaziweka juu ya maharagwe.

Peninah alizifungua. Hakuhitaji kuelezwa ni nini. Alipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa mpaka kikasimama.

"Ilikuwa wapi?"

"Mezani. Karibu yangu."

Alisoma mstari ule kwa sauti, jina, umri, mahali, dawa, kama anavyosoma muuguzi anayehakikisha kabla ya kudunga. Halafu akakunja karatasi kama zilivyokuwa, akamrudishia.

Alipika yale maharagwe, akamngoja Makandi, wakala watatu. Asubuhi alifunga nguo chache ndani ya begi la shule la zamani la binti yake, akasema anakwenda Timau kwa dada yake. Kule kwenye mashamba ya maua walikuwa wanatafuta wanawake wa kufunga maua, na baridi yake angeizoea.

"Utarudi lini?" Muthamia aliuliza mlangoni.

"Sijui." Alikuwa anafunga kamba za viatu, vile viatu vyeupe vya wodi, kwa kuwa hakuwa na vingine vya kusimamia siku nzima. "Kule hakuna mtu atakayeniita sista."

Makandi alimbebea begi mpaka barabarani.